Dhambi Iliyopewa Jina la Mchawi

Mwaka 320, katika jimbo la Numidia, Afrika ya Kaskazini, shemasi aitwaye Nundinarius aligombana na askofu wake. Ugomvi ukafika mbele ya Zenophilus, liwali wa jimbo, na kwa kuwa makarani waliandika maswali na majibu, tunaweza kuusikia mpaka leo. Tarehe 13 Desemba mashahidi waliulizwa habari za Victor, mfua nguo wa mji wa Cirta, ambao siku hizi unaitwa Constantine, nchini Algeria. Victor alikuwa padre. Aliupataje upadre? Kwa follis 20, yaani mifuko 20 ya sarafu, wakajibu. Shauri likapanda ngazi. Lucilla, mwanamke tajiri wa Carthage, alikuwa ametoa mifuko 400 ili Majorinus, mtu wa nyumbani mwake, awekwe kuwa askofu wa Carthage, na maaskofu waliomweka walikuwa wameigawana. Je, maskini walionjeshwa chochote? Hakuna aliyeona wakipewa kitu.

Historia ya jambo hili huelezwa kama habari ya Ulaya ya Zama za Kati, ya mapapa na wafalme wa Ujerumani. Ni vizuri kukumbuka kwamba moja ya kumbukumbu zake za kwanza za mahakama imeandikwa katika ardhi ya Afrika, na kwamba mtuhumiwa mmoja alikuwa mtu wa kazi ya mikono ambaye aliona upadre una faida kuliko kukanyaga nguo za watu katika pipa.

Waliokuwa barazani siku hiyo hawakuwa na jina moja la kuliita tendo lile. Jina lilikuja baadaye: usimoni. Kwa Kiswahili hulisikii sokoni wala redioni. Limekaa kwenye sheria za Kanisa, kwenye masomo ya seminari, na mara mojamoja kwenye mahubiri ya padre mzee. Maana yake ni kununua au kuuza kitu kitakatifu, kiwe sakramenti, daraja, cheo cha Kanisa au baraka, kwa fedha au kwa chochote chenye thamani ya fedha. Nadhani tunalihitaji neno hili kuliko tunavyolitumia. Bila jina, kosa hili hupita katikati yetu likiitwa shukrani, mchango, ada, mbegu au desturi.

Jina limetoka kwa Simoni wa Samaria, ambaye habari zake zimo katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Alikuwa mchawi mwenye sifa kubwa. Wadogo kwa wakubwa walimwona kuwa na nguvu ya Mungu. Filipo alipohubiri, Simoni naye akaamini akabatizwa. Kisha Petro na Yohane wakashuka kutoka Yerusalemu, wakawawekea watu mikono, nao wakampokea Roho Mtakatifu. Simoni alipoona hayo akatoa fedha. Wasomaji wengi hupita haraka hapa bila kutazama alichotaka. Hakutaka kununua Roho kwa ajili ya nafsi yake. Alitaka mamlaka, ili kila atakayemwekea mikono yeye apokee. Alikuwa ananunua duka zima, na bila shaka gharama ingerudi kwa wateja. Petro alimjibu kwa ukali unaotisha, akamtakia aangamie pamoja na fedha yake, kisha akamwita atubu. Simoni akaomba aombewe. Biblia inamwacha hapo, na haituambii kama alitubu.

Wakristo wa karne zilizofuata hawakuridhika kumwacha hapo. Yustino Shahidi, ambaye mwenyewe alizaliwa Samaria, aliandika kwamba Simoni alikwenda Roma enzi za Kaisari Klaudio, akaabudiwa, akajengewa sanamu katika kisiwa cha mto Tiber. Mwaka 1574 kitako cha sanamu kilifukuliwa katika kisiwa hicho. Maandishi yake yalimtaja Semo Sancus, mungu wa kale wa kabila la Wasabini, na wanazuoni wengi wanaona kwamba Yustino alisoma jina hilo akadhani ni la Simoni. Masimulizi mengine yalimrusha angani juu ya Roma mbele ya umati, Petro akaomba, Simoni akaanguka akavunjika mguu. Katika kanisa kuu la Autun, Ufaransa, kuanguka huko kumechongwa juu ya nguzo: Simoni kichwa chini, miguu juu.

Wanateolojia wa Zama za Kati walikumbuka pia kwamba biashara ina pande mbili. Aliyenunua waliona ni mtoto wa Simoni. Aliyeuza wakamwita mtoto wa Gehazi, yule mtumishi wa nabii Elisha. Naamani Mshami alipoponywa ukoma, Elisha alikataa zawadi zake zote. Gehazi akamkimbilia njiani, akadanganya, akachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili; ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Inasikitisha kwamba jina la Gehazi halikudumu katika matumizi kama la Simoni. Mnunuzi amebeba aibu ya wote wawili kwa karne nyingi.

Kwa miaka 300 ya kwanza biashara hii haikuwa na faida kubwa, kwa kuwa cheo cha askofu kingeweza kumfikisha mtu mbele ya simba. Konstantino alipolikubali Kanisa, hali ikageuka. Maaskofu wakapata ardhi, misamaha ya kodi na nafasi ya kusikilizwa ikulu. Mwaka 451, maaskofu waliokutana katika Mtaguso wa Kalkedoni, ng'ambo ya Konstantinopoli, waliweka katika kanuni yao ya pili kwamba askofu anayetoa daraja kwa fedha yuko katika hatari ya kupoteza cheo chake, na aliyelipa asinufaike na alichonunua. Waliwataja hata madalali. Kama dalali ni mkleri, avuliwe daraja. Kama ni mlei au mmonaki, atengwe. Sheria haiwataji madalali mpaka wawe wameshakuwa wengi.

Karne iliyofuata, mwaka 546, Kaisari Justiniani alichukua njia nyingine. Alikataza ununuzi wa uaskofu, lakini akaruhusu malipo ya kidesturi wakati wa kusimikwa, akayawekea viwango kulingana na mapato ya kila kiti. Alitaka kuzuia unyang'anyi kwa kuweka kikomo. Ni hatua ya mtawala mwenye busara za kiserikali, na humo humo ndimo ulipo mlango ambao usimoni umeutumia tangu hapo: kiwango kikishaandikwa, kinachopita chini yake huonekana halali.

Aliyeliona jambo hili kwa jicho kali kuliko wote ni Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa la Roma kuanzia mwaka 590 hadi 604. Alikuwa amewahi kuwa mkuu wa utawala wa mji wa Roma, akijua jinsi upendeleo unavyotembea ofisini. Katika mahubiri yake alisema rushwa ya mambo matakatifu ni ya aina tatu. Kuna ya mkono, nayo ni fedha. Kuna ya utumishi: mtu anamtumikia mkubwa, anambebea mizigo, anakuwa karibu naye miaka mingi, akitarajia cheo. Na kuna ya ulimi, yaani sifa na kujipendekeza. Alimwandikia hata Brunhilda, malkia wa Wafranki, akimsihi asafishe uuzaji wa uaskofu katika nchi yake. Tangu Gregori, anayesema kwamba hakupokea hata senti moja hajamaliza kujitetea.

Onyo lake halikuzuia kilichofuata. Katika Ulaya iliyovunjikavunjika baada ya dola ya Karolo Mkuu, bwana aliyejenga kanisa katika shamba lake alilihesabu kuwa mali yake, kama kinu na bwawa la samaki, na padre aliajiriwa. Uaskofu nao ulikuwa na ardhi, wapiganaji na mapato ya soko; mfalme au mtemi hakuona sababu ya kuutoa bure. Mfano wa Narbonne, kusini mwa Ufaransa, ni wa kutisha. Guifred, mtoto wa mtawala wa Cerdanya, alipata uaskofu mkuu akiwa na umri wa miaka kama 10, kwa solidi 100,000 zilizolipwa na baba yake kwa watawala waliokuwa na sauti juu ya kiti hicho. Tunajua bei kwa sababu mwaka 1059 Berengar, mtawala wa Narbonne, aliandika malalamiko marefu. Kwa mujibu wake, Guifred alipokua alimnunulia ndugu yake uaskofu wa Urgell kwa bei kama ile ile, na ili kuipata akauza misalaba na vyombo vya fedha vya kanisa lake. Mtoto alinunuliwa, naye alipopata nguvu akanunua, na aliyelipa ni altare ya Narbonne.

Roma nayo haikusalimika. Mwaka 1045 Papa Benedikto IX, kijana wa ukoo wa watawala wa Tusculum, aliuachia upapa kwa baba yake wa ubatizo, Yohane Graziano, na fedha zikapita mikono. Graziano, aliyejiita Gregori VI, alikuwa mtu mwenye sifa njema. Yawezekana kabisa alilipa ili kuliokoa Kanisa na kijana yule. Desemba 1046 mfalme Henri III wa Ujerumani aliitisha sinodi huko Sutri, Gregori akaondolewa akapelekwa uhamishoni. Alifuatana na kijana mmoja aitwaye Hildebrand. Mimi hurudi mara nyingi kwenye tukio hili, maana nia njema ndiyo hoja ya usimoni inayogusa zaidi moyo. Mtu anayenunua ili atende mema ni mgumu kumhukumu kuliko anayenunua ili aibe. Sutri ilisema naye asiwe papa.

Miaka mitatu baadaye Papa Leo IX alisafiri mpaka Reims, Ufaransa, kutabaruku kanisa la Mtakatifu Remigio. Aliagiza masalia ya mtakatifu yawekwe juu ya altare kuu, kisha akafungua sinodi Oktoba 1049 kwa agizo ambalo hakuna aliyelitarajia: kila askofu asimame, aseme mbele ya masalia yale kama alilipia cheo chake. Wengine walisimama mara moja. Wengine wakaomba wazungumze na Papa faraghani. Askofu wa Langres alishitakiwa makosa mazito. Askofu mkuu wa Besançon akainuka kumtetea, na mwandishi aliyekuwapo anasema sauti ilimkauka kooni. Usiku huo wa Langres akakimbia. Wa Nantes alikiri, akavuliwa pete na fimbo, akaachiwa upadre tu. Geoffrey wa Coutances alisema kaka yake ndiye aliyemnunulia uaskofu bila yeye kujua, na alipojua alitaka kukimbia akashikwa kwa nguvu. Aliapa hivyo, akaaminiwa, akabaki na kiti chake.

Kumbe bado ilikuwa rahisi kuwakamata wakubwa mmoja mmoja. Milano ilionyesha upana halisi wa tatizo. Mwaka 1059 Petro Damiani alitumwa huko na Papa, mji ukiwa umechafuka kwa vuguvugu la Wapataria, walei na mapadre wa chini waliosusia Misa za makasisi walionunua daraja. Alipochunguza aligundua kwamba karibu kila mkleri wa Milano alikuwa amelipa, na kwa viwango vilivyojulikana: sarafu 12 kwa ushemasi mdogo, 18 kwa ushemasi, 24 kwa upadre. Hakukuwa na siri yoyote. Ilikuwa ada. Vijana walikuwa wamelipa kama baba zao walivyolipa, na wengi hawakujua kwamba kuna njia nyingine ya kuwa padre. Damiani angewafukuza wote, mji ungebaki bila Misa. Akawapa kitubio, akawaapisha, akawarudisha kazini wale waliokuwa na elimu na mwenendo mzuri.

Kwa kufanya hivyo alikuwa ameshika upande katika mjadala mzito, na mjadala huo unaturudisha Algeria. Mgawanyiko ulioanzia kwa Majorinus na mifuko ya Lucilla ulizaa Wadonati, waliodai kwamba sakramenti inayotolewa na mkleri aliyeisaliti imani haina nguvu. Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, aliwajibu kwamba sakramenti ni ya Kristo. Mhudumu mchafu hawezi kuichafua. Miaka 600 na zaidi baadaye Kardinali Humbert alishikilia kwamba aliyewekwa na askofu msimoni hakupokea kitu chochote, ila mikono mitupu juu ya kichwa. Damiani alimfuata Agostino. Fikiria ni watu wangapi walihusika: kama Humbert alikuwa na haki, basi bibi kizee wa kijijini aliyeungama kwa padre wa daraja la kununua hakusamehewa, na hakuwa na namna ya kujua. Kanisa hatimaye likabaki upande wa Damiani, na nafikiri ni kwa sababu ya bibi huyo kuliko kwa sababu ya maaskofu.

Lakini watu wa kawaida walitaka kuona kwa macho. Huko Florence wamonaki wa Vallombrosa walimshitaki askofu wao, Pietro Mezzabarba, kwamba baba yake alimnunulia kiti. Tarehe 13 Februari 1068, mbele ya umati huko Settimo, yaliwekwa matita mawili ya kuni yenye njia nyembamba katikati, yakawashwa. Mmonaki aliyeitwa Petro akapita katikati ya moto ili Mungu aamue. Simulizi la wamonaki linasema alitoka salama, hata alirudi kuokota kitambaa chake cha Misa kilichoanguka. Askofu akaondolewa, na Petro akaitwa Igneus, wa moto, baadaye akawa kardinali.

Hildebrand, yule kijana aliyekwenda uhamishoni, akawa Papa Gregori VII mwaka 1073. Vita yake na mfalme Henri IV juu ya nani anayewapa maaskofu pete na fimbo, mfalme kusimama katika theluji ya Canossa Januari 1077, na maafikiano ya Worms mwaka 1122, ni habari zinazojulikana na wengi. Kwa neno letu, jambo kuu ni kwamba usimoni ulipanuliwa: hata kupokea cheo kitakatifu mkononi mwa mtawala kukaanza kutazamwa kwa shaka ile ile.

Kisha wakaja wanasheria. Graziano wa Bologna, katika mkusanyo wake wa sheria wa mwaka 1140 hivi, alianza mashauri yake kwa baba anayetaka mwanawe apokelewe katika monasteri tajiri, na abati anadai paundi 10. Hapakuwa na jambazi katika kisa hicho, ni mzazi na mtoto na mkuu wa nyumba. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ukatoa kanuni ambayo naiona ndiyo ya maana kuliko zote. Kanuni ya 66 inawalaumu mapadre wanaodai fedha kwa mazishi na ndoa, na ambao wasipolipwa hubuni vizuizi vya uongo. Papo hapo inawalaumu walei ambao, kwa kisingizio cha utakatifu, wanataka kuvunja desturi njema za kumtegemeza padre. Uamuzi wake ni wa mpangilio: sakramenti itolewe bure kwanza, kisha desturi njema ya kutoa ishikwe. Kinachotangulia ndicho kinachoamua. Mkono wa padre ukifunguka kabla ya mkono wa muumini, kinachofuata ni sadaka. Ukingoja, ni bei.

Thomas wa Akwino akaliweka hilo katika lugha ya shule. Padre anaweza kupokea riziki, kwa kuwa anakula kama wengine, lakini hapokei bei, kwa kuwa yeye ni mtunzaji tu wa vitu ambavyo si vyake kuviuza. Dante naye, katika Inferno, aliwapanda mapapa wasimoni kichwa chini katika mashimo ya jiwe, nyayo zikiwaka moto, Nikolao III akimngojea Bonifasi VIII aje ampokee nafasi.

Bohemia walikuwa na neno lao la nyumbani kwa kosa hili, neno linalotaja moja kwa moja biashara ya vitu vitakatifu, na Jan Hus alilitumia kama jina la kitabu chake cha mwaka 1413. Alikiandika kwa Kicheki, lugha ya watu wake, ili muumini wa kijijini ajue anachouziwa. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto huko Konstanz, katika mtaguso uliokuwa umekutana kwa shabaha ya kulitengeneza Kanisa.

Karne moja baadaye benki iliingia. Albrecht wa Brandenburg, hajatimiza miaka 25 na tayari msimamizi wa majimbo mawili, Magdeburg na Halberstadt, alichaguliwa mwaka 1514 kuwa askofu mkuu wa Mainz. Sheria haikumruhusu kushika yote. Ruhusa ilipatikana Roma kwa dukati 10,000, mbali na ada za kawaida za kiti, na fedha zilikopwa kwa Jakob Fugger wa Augsburg. Ili mkopo ulipwe, Albrecht alikubaliwa kusimamia utoaji wa rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi, katika maeneo yake: nusu kwa Fugger, nusu kwa ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro. Mhubiri Johann Tetzel alipofika Jüterbog, watu wa Wittenberg walivuka mpaka kumfuata, wakarudi na vyeti kwa padre wao wa maungamo, Martin Luther. Oktoba 1517 Luther aliandika hoja zake 95. Alikuwa hajui bado habari za mkataba wa Fugger. Aliona tu mwisho wa mnyororo, mahali ambapo deni la askofu mkuu linalipwa na mjane mwenye wasiwasi juu ya mume wake aliyekufa. Kanisa Katoliki lilifuta wakusanyaji wa aina ya Tetzel katika Mtaguso wa Trento mwaka 1562, na mwaka 1567 Papa Pius V akabatilisha rehema zote zilizofungamana na malipo.

Kuna mgeuko mmoja wa sheria ambao unastahili kusimuliwa. Papa Julius II, mwaka 1505, aliamuru kwamba papa aliyechaguliwa kwa rushwa si papa, na uchaguzi wake ni batili. Ilionekana ndiyo adhabu kali kuliko zote. Mwaka 1904 Pius X aliiondoa, na Yohane Paulo II, katika sheria yake ya mwaka 1996 kuhusu uchaguzi wa papa, amefuata njia hiyo: anayenunua au kuuza kura ametengwa na Kanisa papo hapo, lakini uchaguzi unasimama. Sababu ni ile ile ya bibi wa kijijini. Kama kila rushwa ingeweza kubatilisha, hakuna Mkatoliki ambaye angeweza kuwa na hakika kwamba ana papa. Makardinali 133 walioingia konklavu Mei 2025, akiwemo Protase Rugambwa, askofu mkuu wa Tabora, walichagua chini ya sheria hiyo, na sheria hiyo inakataza pia ahadi na makubaliano ya kabla ya kura, yaani rushwa ya utumishi na ya ulimi aliyoisema Gregori Mkuu.

Kwetu, neno limekuja kimya, lakini mambo yenyewe yako wazi. Novemba 2024 Rais William Ruto wa Kenya alitoa shilingi milioni 2.6 kwa parokia ya Soweto, Kayole, jijini Nairobi, akaahidi nyingine na basi. Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha zirudishwe, na ahadi zisipokelewe, pamoja na shilingi 200,000 za gavana Johnson Sakaja. Kisheria huu haukuwa usimoni. Hakuna sakramenti iliyouzwa. Hata hivyo kilichokuwa kinakaribia kununuliwa ni mimbari na ukimya wa wanaohubiri, na kwa kipimo cha Gregori Mkuu ulimi nao una bei. Waanglikana wa Kenya walikuwa wameanza mapema: Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataza wanasiasa kuhutubia ibadani.

Kwa makanisa ya uamsho swali ni la upako. Chupa ya maji au mafuta inayouzwa kwa bei ya juu kuliko yaliyomo ndani yake inauza nini? Kama ni mafuta tu, bei ni ulaghai. Kama ni baraka, ni usimoni, na Simoni angeitambua mara moja. Kikombe cha Loliondo mwaka 2011 kilikuwa kigumu zaidi kupima. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliwanywesha maelfu kwa maelfu katika kijiji cha Samunge dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema Mungu ndiye aliyemwagiza na kumtajia bei. Shilingi 500 hazikumzuia maskini yeyote kunywa. Nauli ya kufika Samunge ndiyo iliyomzuia, na hiyo iliingia mifukoni mwa wengine.

Sisi Wakatoliki tuna yetu pia. Sadaka ya nia ya Misa ni halali, na mapadre wengi wa vijijini wanaishi kwayo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba hata sura tu ya biashara iepukwe, na inawahimiza mapadre waadhimishe Misa kwa nia za maskini wasio na sadaka. Kanuni ya 848 inaagiza asikoseshwe mtu sakramenti kwa sababu ya ufukara. Papa Fransisko alilisema hilo waziwazi mwaka 2018 katika katekesi yake: Misa hailipiwi.

Kinachoniuma zaidi ni mazishi. Wengi wetu tumesikia, katika parokia hii au ile, familia ikiambiwa wakati maiti iko ndani kwamba kadi ya zaka ya marehemu ina miezi mitupu, michango ya ujenzi haikumalizwa, jumuiya haimtambui. Wanaosema hivyo huwa na hoja: asiyeshiriki jumuiya akiwa hai anatakaje kuzikwa nayo? Hoja ina uzito inapohusu kushiriki. Lakini kadi haipimi kushiriki, inapima shilingi, na mtoto wa marehemu anapokimbilia kwa jirani kukopa deni la baba ili padre aje, tumerudi mwaka 1215 kwenye kizuizi kilichobuniwa. Maaskofu wa Laterano hawakukosea kuwatetea mapadre wanaotegemezwa na waumini, tuwategemeze. Deni la marehemu, kama kweli ni deni, lizungumzwe na familia baada ya matanga. Kanuni ya 1181 inataka maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili na pasiwe na upendeleo wa watu. Kanuni ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa: walioasi imani au kujitenga na Kanisa hadharani, waliochagua kuchomwa maiti kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waumini, tena ikiwa tu hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Asiyelipa zaka hayumo.